Nilimuuliza mpwa wangu habari za mwenzake aliyeumia, sasa naogopa atafungiwa

Mshauri wetu, salaam.

Naishi Ohio, Marekani, na ni shabiki mkubwa wa michezo ya vyuo. Msimu wa vuli Jumamosi zangu zote ni futiboli, na ikifika Machi ni mpira wa kikapu. Timu yangu naomba nisiitaje. Mchezaji wetu tegemeo alifungiwa kwa kubeti, na hakubeti mechi yetu, alibeti mechi za ligi ya kulipwa. Mikeka yangu ikaanza kuchanika moja baada ya nyingine. Nilimlaani yeye, nikailaani NCAA inayosimamia michezo ya vyuo. Vyuo vyenyewe vilichukua hela za kampuni za kubeti, halafu kijana akiweka dau dogo anaonekana mhalifu?

Linaloninyima usingizi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 20. Yuko chuo cha daraja la kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kwa ufadhili wa mbio za nyika, na anakaa nyumba moja na mchezaji wa kikapu. Siku moja nilimuuliza kwa meseji kama yule mwenzake atacheza. Akanijibu kwamba kifundo kimevimba, leo hachezi. Nikaweka dola 400 kwa wapinzani, mkeka ukatiki. Kwa furaha nikamtumia mpwa dola 150 na kuandika pale kwenye maelezo, "Ahsante ya kifundo."

Baada ya hapo nimepoteza kila kitu. Kadi mbili za mkopo na mkopo mmoja wa benki vimefika dola 11,000. Mimi pia ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana, na nimechukua humo dola 2,300 nikidhani nitazirudisha Jumapili. Nimefuta programu za kubeti mara kadhaa, nikazirudisha. Kuna kijana mmoja alikosa mipira miwili ya adhabu nikamwandikia matusi Instagram. Mama watoto hajui lolote.

Juzi mpwa amenipigia. Chuoni wamepewa somo kuhusu kubeti na ameogopa. Ameniuliza, "Mjomba, nizifute zile meseji?" Nimwambie nini? Na mimi, je, ni mgonjwa au ni mjinga tu?

Shabiki, Ohio

*

Ndugu yangu, salaam.

Nianze na mpwa, maana swali lake halingoji. Mwambie leo asifute kitu. Wewe pia usifute: wala meseji, wala risiti ya dola 150, wala historia ya akaunti yako ya kubeti. Rekodi za muamala zinabaki benki na kwenye kampuni hata mkizifuta kwenye simu, na kufuta kunaweza kugeuza kosa la kanuni za michezo kuwa jinai.

Mfano upo hapo hapo Ohio. Aprili 2023, mtu mmoja alikwenda kubeti kwenye duka lililo uwanja wa besiboli wa Cincinnati. Alitaka kuweka zaidi ya dola 100,000 dhidi ya timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Alabama, huku akiwasiliana kwa simu na kocha wa timu hiyo, Brad Bohannon. Habari aliyokuwa nayo ilikuwa ya aina ile ile uliyopewa wewe, kwamba mrusha mpira aliyepangwa kuanza mechi asingecheza. Wafanyakazi wa duka walishtuka na taarifa ikafika kwa wasimamizi. Kocha alifukuzwa kazi mwezi uliofuata, na Februari 2024 NCAA ikamwekea vikwazo vya miaka 15. Yule mbetaji alihukumiwa kifungo cha miezi 8, na kosa lililompeleka gerezani lilikuwa kuzuia uchunguzi. Lilihusu kuharibu ushahidi na kudanganya, si ule mkeka wenyewe.

Sasa elewa mpwa wako yuko wapi kwenye kanuni. Watu wengi hudhani kosa la mwanamichezo ni kuweka dau kwa mkono wake. Kanuni inakataza pia kumpa habari mtu anayebeti, akijua kwamba anabeti. Miongozo ya adhabu ambayo NCAA iliitangaza Juni 2023 inaweka jambo hilo kundi moja na kubeti mechi zako mwenyewe au kupanga matokeo, na adhabu yake inaweza kuwa kupoteza moja kwa moja haki ya kucheza michezo ya vyuo, michezo yote. Kwamba yeye ni mkimbiaji na habari ilikuwa ya kikapu haimwondoi kwenye kanuni. Kubwa litakaloulizwa ni moja: alijua unabeti wakati anakujibu? Kama alidhani ni mjomba shabiki anayeulizia afya ya mwenzake, hali yake ni nyepesi zaidi. Zile dola 150 zenye maneno "Ahsante ya kifundo" ndizo zinazoharibu, kwa sababu kwa mchunguzi zinasomeka kama malipo ya habari. Kwa hiyo usimtumie hela nyingine yoyote kwa sasa, wala usimwambie azirudishe kimyakimya. Na msikae mkapanga maelezo yanayofanana. Yeye aseme anachokijua, wewe useme unachokijua.

Hatua zake ni hizi. Kwanza amwone wakili, si rafiki aliyesoma sheria bali wakili anayeshughulikia kesi za wanamichezo wa vyuo. Vyuo vingi vina ofisi ya msaada wa kisheria kwa wanafunzi, ambayo inaweza kumwelekeza hata kama haiwezi kumwakilisha dhidi ya chuo chenyewe. Kisha, akiwa na ushauri huo, aende mwenyewe kwa afisa wa kanuni wa idara ya michezo kabla hajaitwa. Utaratibu wa kawaida ni kwamba chuo kikijua kuna kosa kinamtangaza mwanamichezo kuwa hana sifa ya kucheza, kisha chuo hicho hicho kinamwombea NCAA arudishiwe. Kijana aliyejitokeza mwenyewe ana mazungumzo tofauti kabisa na yule aliyeumbuliwa. Akiulizwa, aseme kweli yote au anyamaze kwa ushauri wa wakili. Kuwadanganya wachunguzi ni kosa jipya linalosimama peke yake.

Kama yuko kwa viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, wakili wa uhamiaji naye aulizwe mapema. Mwanamichezo akikosa sifa ya kucheza, chuo kinaruhusiwa kupunguza au kufuta ufadhili wake hata katikati ya mwaka. Ufadhili ukienda, karo inabaki, na mwenye F-1 anatakiwa awe mwanafunzi wa muda wote. Mlolongo huo unaweza kumfikisha pabaya bila polisi yeyote kuhusika. Mzungumze na dada yako pia, na mapema. Akisikia kwa watu wengine atakosa nafasi ya kumsaidia mwanawe.

Na wewe mwenyewe uwe na wakili wako, tofauti na wa kijana. Kabla ya hapo usimwandikie mtu yeyote maelezo ya tukio lile.

Huenda kijana ni mpenzi wa mpira wa Ulaya, kama wengi wa rika lake, kwa hiyo mwambie jambo ambalo huwa linawaponyoka wageni. Marufuku inagusa kila mchezo ambao NCAA ina mashindano yake, katika ngazi zote. Soka imo. Kwa hiyo mkeka wa mechi ya Arsenal unahesabika, hata akiuweka kupitia simu ya binamu aliye Nairobi au Dar es Salaam. Mchango wa dola 5 wa kutabiri mashindano ya kikapu ya Machi, ambapo mshindi anazoa, unahesabika. Dau la fulana au la chakula cha jioni nalo linahesabika, kwa sababu kanuni inatazama kitu chochote chenye thamani, si hela taslimu peke yake.

Nije kwenye hasira yako juu ya yule mchezaji. Sehemu ya malalamiko yako ina msingi. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango Mei 2018 ilipofuta sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, na Ohio ikaanza Januari 1, 2023. Katikati hapo vyuo vilisaini mikataba na kampuni za kubeti. Chuo Kikuu cha Colorado kilisaini mwaka 2020, na mkataba wake ulikuwa na kipengele cha dola 30 kwa kila mteja mpya aliyejiunga kupitia chuo. Ilikuwa aibu, na haikudumu. Colorado ilivunja mkataba mwaka 2023, na mwaka huo huo umoja wa kampuni za kamari nao ukabadilisha maadili yake ukakataza mikataba ya namna hiyo na vyuo.

Adhabu kwa mwanamichezo anayebeti ligi za kulipwa hupangwa kwa jumla ya hela alizoweka. Kwa ile miongozo ya Juni 2023, hadi dola 200 ilikuwa ni mafunzo tu. Dola 201 hadi 500, mafunzo pamoja na kukosa asilimia 10 ya msimu. 501 hadi 800, asilimia 20. Zaidi ya 800, asilimia 30 na kuendelea. Viwango vingine vimerekebishwa baadaye, na mwaka 2025 vyuo vilijadili kuwaruhusu wanamichezo kubeti ligi za kulipwa, kisha vile vya daraja la kwanza vikapiga kura ya kulikataa wazo hilo. Kwa maoni yangu, kumkosesha kijana sehemu ya msimu kwa dau dogo la ligi asiyoigusa ni ukali uliopitiliza. Lakini kwenye habari za ndani na mechi za chuo chake mwenyewe sioni namna nyingine. Iowa mwaka 2023 wachezaji wa vyuo viwili vikubwa waliingia kwenye uchunguzi, baadhi wakidaiwa kutumia akaunti zenye majina ya ndugu zao. Machi 2024 waendesha mashtaka waliondoa kesi za jinai za wanne kwa sababu ya jinsi wapelelezi walivyotumia teknolojia ya kutambua mahali simu zilipo. Kesi zilikwisha. Msimu waliokosa haukurudi. Ndiyo maana nakusihi usimchezee mpwa wako muda wa uwanjani, maana anao mchache.

Na yule kijana wa mipira ya adhabu, usimwandikie tena. Hata radhi usimwombe kwa meseji, kwa sababu ujumbe wa pili kutoka kwa mtu aliyekwisha kumtukana humwogopesha zaidi. Ohio ina sheria tangu 2023 inayowezesha kumfungia kubeti mtu anayetishia wanamichezo, na Machi 2024 jimbo likapiga marufuku dau linalowekwa juu ya takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo, kwa ombi la rais wa NCAA, Charlie Baker. Matusi kama yako yalikuwa sehemu ya sababu.

Sasa wewe. Umeuliza mgonjwa au mjinga. Kitabu kinachotumiwa na madaktari wa akili Marekani, DSM-5, kina dalili 9 za uraibu wa kamari, na 4 ndani ya miezi 12 zinatosha kuuita uraibu. Kwenye barua yako peke yake naziona hizi: unafukuzia hela iliyopotea, umejaribu kuacha ukashindwa, unamficha mkeo, na umehatarisha mahusiano na dhamana uliyopewa. Mtaalamu ndiye wa kuthibitisha, lakini sioni sababu ya kusubiri. Akili unayo. Hesabu ya mkeka hata ukiijua haitakuzuia, ila uijue: kwa bei (odds) ya kawaida ya Marekani, unaweka dola 110 upate faida ya 100, kwa hiyo lazima ushinde zaidi ya asilimia 52 ndipo usile hasara. Ukiunganisha mechi nne za bei hiyo, wanakulipa karibu mara 13.3 ya dau, wakati uwezekano halisi, kama kila mechi ni nusu kwa nusu, ni mmoja kati ya 16. Kwa wastani dola 17 za kila 100 zinabaki kwao.

Kufuta programu hakukusaidii kwa sababu akaunti inabaki hai, kadi imehifadhiwa humo, na Ijumaa jioni unatumiwa ofa ya dau la bure. Kinachofanya kazi ni kufunga njia nyingi siku moja, kabla hamu haijarudi. Toa salio lililobaki kwanza. Kisha jiandikishe kwenye Time Out Ohio, mpango wa jimbo wa kujifungia mwenyewe, ambao una muda wa mwaka 1, miaka 5 au maisha. Chagua miaka 5. Mwaka mmoja unaisha ukiwa bado unalipa madeni, na hapo ndipo tamaa ya "mkeka mmoja wa kumaliza deni" huja. Mpango huo unagusa kasino na kampuni zote zenye leseni ya Ohio, lakini una matundu. Hauzuii Indiana, Michigan, Kentucky, Pennsylvania wala West Virginia, na zote zinapakana nanyi na zinaruhusu kubeti kwa simu. Hauzuii tovuti za nje ya nchi. Hauzuii masoko ya utabiri, ambayo yanauza mikataba ya matokeo ya mechi chini ya usimamizi wa serikali kuu. Kwa matundu hayo, weka programu ya kuzuia kwenye simu na kompyuta zote za nyumbani. BetBlocker ni ya bure, Gamban kwa kawaida hulipiwa. Usiache simu hata moja ya zamani kabatini.

Upande wa hela, uliza benki kama kadi yako inaweza kuzuiwa malipo ya kamari. Mshahara uingie kwenye akaunti ambayo mkeo anaiona, na wewe ubaki na kadi yenye kiasi cha mafuta na chakula cha wiki. Kisha fungia taarifa zako za mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Ni bure, na huwezi kufunguliwa mkopo mpya usiku wa saa nane bila kwanza kuifungulia mwenyewe. Hiyo saa nane ndiyo hatari yako kubwa.

Fedha za chama ni jambo zito kuliko kadi. Zile ni hela za msiba wa mtu, na kisheria huo ni wizi hata kama ulikusudia kurudisha. Usikope dola 2,300 kuziba haraka ili ubaki na daftari. Mwulize wakili wako jinsi ya kuliweka, kisha umwendee mwenyekiti mkiwa watu wawili au watatu, utaje kiasi kamili, ukabidhi daftari na saini ya benki hapo hapo, na mwandikiane mpango wa kulipa kila mwezi. Kiasi kamili narudia, kwa sababu waraibu wengi husema nusu, na nusu ya pili ikija kujulikana hakuna anayewaamini tena.

Mkeo vivyo hivyo. Kabla ya kuongea, chapisha taarifa za kadi zote mbili na mkopo, umwekee mezani. Usimwombe akulipie, na ndugu wakitaka kuchanga wakulipie lote, wakataze kwa upole: deni likifutika kwa siku moja, mraibu hupata nafasi ya kukopa upya. Mkeo naye ana haki ya msaada wake, na Gam-Anon ni vikundi vya familia za wacheza kamari. Wewe nenda Gamblers Anonymous, ni bure, na mikutano ipo hata kwa simu.

Tiba yenyewe ni ya kuongea na mtaalamu, hasa ile ya kubadili fikra na tabia. Hakuna dawa iliyoidhinishwa Marekani mahsusi kwa kamari, ingawa madaktari wengine huandika naltrexone, inayotumika kwa ulevi. Shehe au mchungaji akusindikize, asichukue nafasi ya mtaalamu. Piga 1-800-589-9966, simu ya Ohio ya matatizo ya kamari, uombe kliniki iliyo karibu na mkalimani wa Kiswahili ukimhitaji. Na wazo la kujidhuru likikujia, maana kwa wenye madeni ya kamari huja sana siku siri inapofichuka, piga 988 saa yoyote, au mwamshe mkeo.

Kuhusu kutazama mechi, sitakuambia uache ushabiki. Ila miezi ya mwanzo usitazame moja kwa moja ukiwa peke yako na simu mkononi, kwa sababu mapumziko ya kati ndipo dau la papo kwa papo linapokuwinda. Simu ikae kwa mkeo tangu mechi inaanza hadi inaisha. Jitoe kwenye makundi ya WhatsApp ya mikeka, na vipindi vinavyosoma bei za mechi uviache. Mbio za nyika zinafikia kilele Novemba, kwa hiyo vuli hii una kijana wa kumshangilia, chuo kikimruhusu kukimbia. Ukiongea naye muulize masomo, mazoezi, na kama amekula. Za wenzake usimuulize hata kwa nia njema, na akianza kukusimulia mwenyewe, mkatishe.